Fomu Namba Saba, Nakala Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Kengele sikuipiga mimi.

Haya, nimeandika. Miaka ishirini na nane nimeificha sentensi hiyo, kumbe haijazi hata mstari mmoja!

Daktari alikuja asubuhi. Nisipande ngazi. Nisinyanyue kitu. Nisikasirike. Nilipomuuliza kuhusu muda uliobaki, alitazama viatu vyake. Nimefanya kazi na wakandarasi maisha yangu yote. Mtu akitazama viatu vyake najua mradi umekwisha.

Kwa hiyo sina budi kuungama, tena kabla ya Jumamosi. Jumamosi kampuni yangu ya zamani ya ujenzi inafungua ukumbi wa mafunzo na kuupa jina langu. Ukumbi wa kufundishia watu namna ya kukabili majanga! Herufi za shaba zimeshapigiliwa ukutani.

Maelezo, kwa atakayelikuta daftari hili. Nilikuwa Mkuu wa Mipango ya Dharura. Niliandika Mpango Mkakati wa Kukabili Majanga, kurasa mia mbili na kumi na nne. Ukurasa wa kwanza: usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu waliniita Mzee Mpango hata kabla sijazeeka. Kisha ikaja siku ya slabu. Habari wanayoijua wote ni hii: Mzee Mpango aliona hatari, akapiga kengele, wafanyakazi arobaini na mmoja wakatoka, na dakika kumi na moja baadaye slabu ya ghorofa ya tatu ikashuka yote. Hakufa mtu. Picha ilitoka gazetini: mimi getini, kofia ngumu kichwani, orodha mkononi, nahesabu watu.

Ukweli: seremala aliyesimamisha mirunda, yale magogo ya kushikilia zege bichi, alikuja ofisini kwangu akaniambia miti inalia. Nikampa Fomu Namba Saba. Nakala tatu. Sahihi ya nyapara, ya mtunza stoo, na yangu. Baadaye akavunja kioo cha kengele kwa nyundo yake, akaipiga mwenyewe. Wiki iliyofuata alifukuzwa kazi kwa kupiga kengele bila idhini na kuharibu kioo, kifungu cha nne, aya ya pili. Kifungu nilikitunga mimi. Barua niliitia sahihi mimi.

Sikumwamini. Basi, hiyo ndiyo dhambi yangu yote.

Seremala huyo, Fundi, yu hai. Karakana yake iko mtaa wa nyuma. Randa yake naisikia nikiwa kitandani. Anatengeneza milango, vitanda na majeneza.

Nimeandaa Mpango Mkakati wa Kuungama. Wadau: binti yangu, kampuni, Fundi. Msemaji: mmoja tu, mimi. Hatari kuu: kifo cha msemaji. Uwezekano: mkubwa. Mpango mbadala: hakuna.

Jumanne, 5 Machi

Hatua ya Kwanza, wadau wa ndani. Nikapiga kengele ya kitandani.

Nyumba hii nayo ina Mpango wa Dharura, kurasa kumi na nne, niliouandika nilipohamia kwa binti yangu baada ya mama yake kufariki. Mlio mmoja: maji. Milio miwili: msalani. Milio mitatu: hatari, acha kila kitu, kimbia, tukutane kwenye kamba ya kuanikia nguo. Nimemfanyisha mazoezi mara tisa, mojawapo akiwa na povu la sabuni kichwani. Lakini mlio wa kuungama haumo! Pengo kubwa. Nikapiga mmoja. Akaja na maji.

Binti yangu ni mwalimu wa hesabu. Hata akipika ana madaftari ya wanafunzi kwapani. Nikamwambia aketi, kikao kimefunguliwa, kuna jambo ambalo hata marehemu mama yake hakulijua.

Akafunga daftari taratibu. Akaniambia, kwa upole wa kutisha, kwamba kama ni mtoto wa nje niseme tu, yeye ni mtu mzima, na mama alikwisha kuhisi zamani.

Alihisi nini? Mtoto gani? Miaka arobaini na moja ya ndoa sijachepuka hata kwa mawazo. Nafasi ningeipata wapi, na ile mikutano? Nikakasirika, jambo nililokatazwa. Kikohozi. Maji. Kikohozi tena. Pumzi iliporudi nikaweza neno moja tu: kengele. Akanisogezea kengele.

Alipokuwa akinifunika shuka aliniambia nisijisumbue, huyo ndugu yake atamtafuta polepole, damu haipotei.

Hali mwisho wa siku: sijaungama, na nina mtoto wa nje.

Jumatano, 6 Machi

Hatua ya Pili, kampuni. Wamemtuma afisa uhusiano wao, mama mmoja mchangamfu, kuja kunipiga picha ya programu ya Jumamosi. Nilikuwa nimejiandaa. Barua, ukurasa mmoja, mwandiko wa kusomeka: kengele ilipigwa na seremala, mimi nilimzuia, naomba jina lake liwekwe ukutani na langu litolewe.

Akaisoma amesimama. Akatoa leso. Akasema ajabu gani hii, unyenyekevu wa namna hii siku hizi haupo, wakubwa wa kweli ndivyo walivyo, sifa huwapa wadogo. Akataka ruhusa aisome jukwaani kama neno la busara.

Nikasema hapana, mama, si busara, ni ukweli. Uso ukabadilika. Akaketi. Akanieleza, kama unavyomweleza mtu asiyejua mambo ya ofisi, kwamba kumbukumbu rasmi ya tukio haibadilishwi kwa maneno ya kitandani. Kuna utaratibu. Mtu hujaza Fomu Namba Saba.

Bado wanaitumia! Akanionyesha kwenye simu yake. Sasa ni nakala sita na sahihi kumi na moja. Lakini kisanduku changu cha mwisho wamekiacha kama nilivyokibuni: Je, hatari bado ipo? Ndiyo. Hapana. Weka alama. Moyo wangu uliruka kwa fahari, na siku hizi moyo ukiruka hakuna anayejua utatua wapi.

Nikamuuliza fomu inachukua muda gani. Siku ishirini na moja za kazi, akasema, kama wote wapo. Nikahesabu siku zangu. Hazitoshi hata wakinihesabia na Jumapili.

Akanipiga picha nimeshika kalamu. Alisema nionekane ninafikiri. Nilikuwa nafikiri kwamba nimejijengea ukuta na mlango nimesahau.

Alhamisi, 7 Machi

Hatua ya Tatu, Fundi mwenyewe. Lakini utamwitaje mtu uliyemfukuza kazi? Miaka yote hii tukikutana njiani ni Fundi, Mzee Mpango, kila mtu na hamsini zake. Usiku kucha nimewaza, na alfajiri nikapata dawa. Nimwagize jeneza! Lazima aje kunipima. Mpimaji na mpimwa, chumba kimoja, mlango umefungwa.

Binti alilia kidogo. Kisha akauliza kama yule ndugu yake apewe taarifa.

Fundi alifika saa nne. Penseli nyuma ya sikio, kama zamani. Umri wake sabini na tisa, mgongo umenyooka kuliko wangu ulivyowahi kuwa. Akafungua futi. Akasema nimepungua, zamani ningekula mbao nyingi. Akaniambia nisibane pumzi, hapa si studio ya picha. Akauliza mbao ngumu au laini, nikasema ngumu, akasema haya, ingawa mchwa hawana ubaguzi.

Sentensi ilikuwa ulimini. Nikaanza: Fundi, kuhusu siku ile. Akasema niinue mkono. Nikauinua. Nikaanza tena: Fundi, mimi nataka. Akangoja. Akangoja kweli, futi mkononi, macho usoni kwangu. Nikasema nataka kitasa cha ndani.

Cha ndani ya nini?

Ya jeneza.

Akauliza cha kazi gani. Nikasema tahadhari.

Mzee yule aliketi kitandani kwangu akacheka mpaka penseli ikaanguka. Alisema ameshazika mtaa mzima kwa mikono yake, na hajawahi kumwona mteja aliyerudi kulalamika kwamba mlango ulikwama. Halafu akafuta machozi, akaniuliza kama kabla ya kukizungusha hicho kitasa nitajaza fomu kwanza.

Nikacheka na mimi! Tulicheka pamoja, mabega yakigusana. Nafasi kama ile hairudi. Nikaiacha ipite. Nikamwuliza kuhusu rangi ya vanishi.

Ghafla akatazama juu. Akagonga boriti ya dari kwa kasha la futi. Vumbi likashuka kwenye mto wangu. Akagonga tena, sikio limeinama. Akamwita binti akamwambia mzee ahamishwe chumba leo hii. Ncha ya boriti imekwisha kwa mchwa, kinachoishikilia ni rangi. Inalia, akasema.

Sijui nilipatwa na nini. Nilimuuliza kama ana taarifa hiyo kwa maandishi.

Fundi alikunja futi yake yote, inchi kwa inchi. Akamwambia binti, si mimi, kwamba Jumamosi asubuhi akishapata mirunda miwili atakuja kuiegemeza. Bila maandishi.

Ijumaa, 8 Machi

Binti ametaka kunihamishia sebuleni. Nimekataa. Kuhama bila tathmini si mpango, ni woga. Akasema Baba, Fundi kasema. Nikasema Fundi si mkaguzi. Akachukua madaftari yake akaenda kusahihishia jikoni. Nilisikia kalamu nyekundu ikichana karatasi.

Hatua ya Nne, ya mwisho. Nitasema jukwaani kesho, mbele ya wote. Nimeandika kwenye kadi: Kengele sikuipiga mimi. Nimeisoma kwa sauti mara tano, vizuri kabisa. Mara ya sita nikajisikia nikisema kengele ni kazi ya wengi.

Nimelala chali kutwa. Ufa wa dari unaanzia pembeni unakuja hadi juu ya pua yangu. Nimekuwa nikiusoma. Kurasa mia mbili na kumi na nne niliandika, michoro, majedwali, viambatisho, na siku ilipofika kilichookoa watu ni nyundo. Hata neno nyundo halimo kwenye faharasa. Nimeangalia.

Nimewaza kufa leo ili kesho isifike. Nimeona haiwezekani, shati limeshapigwa pasi.

Jumamosi, 9 Machi

Siku nzito. Naandika kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi. Shati jeupe, suruali nyeusi. Kadi mfukoni.

Saa mbili na nusu. Vumbi ndani ya chai.

Muda mfupi baadaye, sauti. Fupi, kavu, kama mtu anavunja kuni chumba cha pili. Naijua sauti hiyo.

Nikamwita binti. Nikamwambia aketi mezani pangu, mle mle chumbani, achukue Fomu ya Taarifa ya Hatari, ile Namba Saba niliyoinakili kwa matumizi ya nyumbani, ajaze mambo ya boriti. Akasema Baba, gari linakuja sasa hivi. Nikamwambia dakika tano tu, mama, nifurahishe, siku yangu leo. Akaketi. Mtoto mwema. Akauliza leo tarehe ngapi. Nikamjibu, nikashika mkongojo wangu wa miguu minne, nikasema naenda msalani. Korido ni nyembamba. Mimi na mkongojo tunaijaza. Nikapita msalani, nikaendelea hadi uani kukagua mahali pa kukusanyika. Pako sawa. Kamba imara. Shuka mbili zimeanikwa.

Fundi alikuwa anaingia, mirunda miwili begani. Akauliza binti yuko wapi. Nikasema anajaza fomu.

Sijapata kuona mzee wa umri ule akitupa miti na kukimbia. Nilimsikia akiita chumbani, na binti akimjibu subiri, nimalizie mstari. Kisha kengele. Milio mitatu. Mitatu tena! Binti akatoka mbio kama tulivyofanya mazoezi, kalamu mkononi, Fundi nyuma yake, kengele yangu bado inalia mkononi mwake. Nyuma yao boriti ikashuka. Dari yote ikaifuata.

Majeruhi: hakuna. Mfumo wa kengele: umefanya kazi. Watu wote watatu mahali pa kukusanyika, muda chini ya dakika moja. Kitanda: hakuna tena. Meza: hakuna tena.

Wao wawili walikuwa weupe kwa vumbi, toka nyusi hadi kucha. Binti anakohoa, ananitazama, anatazama mlango, ananitazama. Fundi naye alinitazama muda mrefu. Akasema shati langu safi. Nikamshukuru.

Gari likafika. Nikapanda. Hakuna aliyenizuia.

Ukumbi mzuri. Viti vipya, milango minne ya dharura, jina langu ukutani limeandikwa bila kosa. Nikasimama kwenye kipaza sauti, nikatoa kadi. Nikasema: Kengele. Wakasimama wote wakapiga makofi. Walipiga kwa muda mrefu sana. Nikaona si adabu kuwaendelezea sentensi.

Wamenipa zawadi ya kengele ya shaba ndani ya sanduku la kioo, na kufuli. Ufunguo ninao mimi.

Jumapili, 10 Machi

Nimelala sebuleni. Binti haongei na mimi. Sahani inakuja, sahani inaondoka. Kengele yangu ya kitandani ameichukua, kampa Fundi. Sasa nikitaka maji nakohoa.

Asubuhi kwenye sinia, kando ya uji, aliniwekea karatasi yenye vumbi na alama ya kiatu. Fomu yake. Ameikuta kwenye kifusi, ameimalizia. Mwandiko mzuri wa ualimu. Jina: lake. Tarehe: tisa Machi. Aina ya hatari: Baba. Je, hatari bado ipo? Ameweka alama kwenye Ndiyo.

Nakala moja tu. Hizo mbili sijaziona.

Fundi alikuja kuondoa mabati na mbao zilizovunjika. Dirisha lilikuwa wazi, nikawasikia uani. Alimwambia binti kwamba siku ile ya slabu pia shati langu lilikuwa safi. Kwamba yeye alikuwa mezani kwangu, ghorofa ya pili ya jengo lile lile, ameandika jina lake, akainua kichwa kuniuliza tarehe, kiti kitupu. Akatazama dirishani, akaniona chini, natoka getini na orodha yangu. Ndipo akachukua nyundo.

Binti akamuuliza kwa nini, Mzee wangu, miaka yote hii hukusema. Fundi akacheka kidogo. Akasema amwambie nani? Huyu hapa ana kofia na orodha, huyu hapa ana vumbi na nyundo, kioo kimevunjika. Wewe ungemwamini yupi? Halafu akasema, lete hilo beleshi mwanangu, tusije tukakesha kwa habari za watu.

Jeneza litakuwa tayari Jumanne. Kitasa cha ndani ameweka. Alimwambia binti ni cha bure.

Nimeanza Toleo la Pili la Mpango wa Nyumba. Mapungufu yaliyoonekana: mahali pa kukusanyika hapana kiti. Fomu iwe na tarehe iliyokwisha kupigwa chapa, ili mjazaji asiinue kichwa kuuliza. Nimeandika pia barua ya kuungama kwa Fundi, nakala tatu, na mstari wa kusaini kwamba ameipokea. Nitampa Jumanne akileta jeneza, kama binti atakubali kuwa shahidi. Kama atakubali kuongea.

Bado jambo moja. Jumatatu niliandika humu kwamba sikumwamini Fundi. Nimelidanganya hata daftari.

Jengo lilikuwa na ngazi moja, ya mbao, ya kupita mtu mmoja mmoja. Watu walikuwa arobaini na mmoja. Fundi aliponiambia miti inalia, nilimwamini tangu neno la kwanza.